Thuweiba na Wahubiri Wawili wa Makimbilio

Sogeeni, wajukuu wangu, sogeeni moto uwapate. Nina kisa. Mnakitaka? Basi nyamazeni, kisa hakipendi kugombania sauti na mtu.

Ilikuwa kale, kale ya babu wa babu zenu, enzi ambazo watu waliuzwa kama mbuzi. Waliofaulu kutoroka mashamba ya pwani walipanda milimani, wakafyeka msitu, wakajenga mji wao. Wakauita Makimbilio.

Siku moja akaingia mjini humo mwanamke mmoja, miguu imevimba, nguo imechanika. Jina lake Thuweiba. Watu wakamtazama, wakanyamaza. Kwa nini wakanyamaza? Kwa sababu Thuweiba alikuwa mweupe, nywele zake zimelala, pua yake imechongoka. Mama yake alikuwa mtumwa, ndiyo, lakini baba yake alikuwa bwana mwenye shamba. Bwana alipokufa, watoto wake wa nyumba kubwa wakataka kumuuza dada yao huyo. Naye akakimbia.

Wazee wakamwambia, "Kaa." Hawakumwambia, "Karibu." Mnaona tofauti yake, wanangu?

Akakaa. Akajenga kibanda pembeni. Akalima peke yake, akapika peke yake, akala peke yake. Alipokwenda kisimani, wanawake walikumbuka ghafla kwamba wana kazi nyumbani. Jioni alisikia vicheko vya majirani, akajua kila sauti ni ya nani, na hakuna hata moja iliyomwita.

Mji ule ulikuwa na mhubiri, Songoro, mtu mrefu mwenye makovu ya pingu miguuni. Kila Jumapili Songoro alisimama mbele ya watu akanguruma. Akinguruma, kuku walikimbia.

"Weupe hao wametula," alisema. "Wamekula jasho letu, wamekula watoto wetu, kisha wakafuta midomo wakaenda kusali. Mungu na awavunje mikono inayoshika mjeledi. Mungu na aziangushe nyumba zao za mawe."

Na watu walipoitikia, macho yao yalimgeukia Thuweiba, pale nyuma, karibu na mlango. Yeye aliinamisha kichwa. Moyo ulimdunda kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi, na hali hakuiba kitu.

Siku moja alivumilia akashindwa. Watu walipotawanyika akamfuata Songoro.

"Mhubiri, unaposema weupe, unanisema mimi?"

Songoro akamtazama sana. Hakutabasamu, hakuwa mtu wa kutabasamu.

"Binti, nikiona rangi yako, mgongo wangu unakumbuka. Siwezi kukudanganya. Lakini hilo ni donda langu, si kosa lako. Nawalaani kwa waliyotenda. Siku utakayonisikia nikisema umezaliwa mbaya, inuka utoke, na useme kwa sauti kwamba Songoro amepotea."

Akaenda zake. Hakumwambia pole. Thuweiba akarudi kwenye kibanda chake, hajui kama amefarijiwa au ameumizwa. Lakini tangu siku hiyo alimsikiliza kwa masikio mengine. Kila Jumapili alingoja lile neno. Songoro akanguruma, akatukana, akalia mbele za watu bila haya. Lile neno hakulisema.

Kisha akaja mhubiri wa pili, jina lake Uledi. Huyu, wanangu, alikuwa na sauti ya maziwa ya uvuguvugu. Alisalimia kila mtu. Alimsalimia hata Thuweiba, akamuuliza habari za shamba lake, na Thuweiba alilala usiku huo akiwa na furaha. Muda mrefu hakuna aliyemuuliza habari.

Jumapili Uledi akasimama kuhubiri.

"Ndugu zangu, mimi sina hasira na mtu," alisema taratibu. "Nawahurumia weupe. Kuna uchungu umetiwa ndani ya damu yao, na mtoto anazaliwa nao, hata akinyonya ziwa la mama mweusi. Tusiwapige. Tusiwatukane. Ila tusile nao, wala tusiwape watoto wetu wawabebe."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Wakasema, huyu ndiye mtu wa amani, hatupigii makelele. Hakuna aliyegeuka kumtazama Thuweiba. Hakuna aliyemtazama tena kabisa.

Palikuwa na kitoto cha jirani kilichozoea kuja kuomba viazi vyake vya kuchoma. Kesho yake mama yake akakiita kirudi. Alikiita kwa upole tu. Thuweiba akabaki na kiazi mkononi mpaka kikapoa.

Sasa sikilizeni vizuri. Habari za Makimbilio zikafika pwani, kwamba kuna mhubiri anayefundisha kuwachukia weupe. Liwali, mtawala wa huko, akamtuma mjumbe na askari wenye bunduki. Mjumbe akawakusanya watu uwanjani.

"Mhubiri huyo ni nani?"

Watu wakaogopa, wakamtazama Songoro. Uledi akasema kwa sauti yake ile, "Ni kweli, ndugu yetu huyu ana hasira nyingi."

Lakini kadhi wa pwani hakumfunga mtu bila shahidi, na neno la mtumwa mtoro halikukubaliwa kwake, kwa hiyo mjumbe alimtaka shahidi mweupe. Akamwona Thuweiba.

"Wewe ni wetu," alimwambia. "Hawa hawakutaki, naona kwa macho. Sema tu kwamba mtu huyu anatuchukia. Nitakurudisha kwa ndugu zako, na nitawaamuru wakuweke kama dada. Utakula na watu, utalala kwenye nyumba yenye watu."

Kula na watu. Loo, wanangu, nyinyi hamjui neno hilo lilivyomchoma.

Akamtazama Songoro. Kisha akasema, "Mtu huyu anasema mliwafunga watu. Mliwafunga. Anasema mliuza watoto. Mimi nusura niuzwe na ndugu zangu. Ana hasira, na hasira yake imenitoa machozi mara nyingi. Lakini sikumsikia akisema mtu amezaliwa mbaya. Hiyo ndiyo chuki, naye hana."

"Basi mwenye nayo ni nani?"

Uledi akatazama chini.

"Yupo," akasema Thuweiba. "Wala hapazi sauti. Lakini sitamtia mtu yeyote mikononi mwenu."

Mjumbe akaondoka mikono mitupu.

Je, watu walimbeba Thuweiba mabegani? Hapana. Waliona haya, na mwenye haya hukwepa. Jumapili ile Songoro aliwangurumia watu wake mwenyewe, akawauliza ni nani aliyewafundisha kupima damu ya mtu, mpaka nusu yao wakainuka wakamfuata Uledi ng'ambo ya bonde. Huko walijenga mji mtulivu sana, na mgeni hakuwahi kulala humo.

Thuweiba akazeeka Makimbilio. Wanawake wawili watatu walikuja kuchota naye maji. Jioni nyingi bado alikula peke yake. Alipokufa, Songoro, mzee wa kushika fimbo, akasimama kaburini ahubiri. Watu wakangoja angurume. Akalitaja jina lake, sauti ikakatika, akaketi juu ya udongo, na hapakuwa na mahubiri mengine.

Basi, wanangu, mkimsikia mtu anapaza sauti, msikimbilie kumhukumu kwa sauti. Mwulizeni anakasirikia lililotendwa, au anamkasirikia aliyezaliwa. Na yule anayenong'ona, mwulizeni hivyo hivyo.

Kisa nimekitua hapa, na mzigo sasa ni wenu. Funikeni moto, tukalale.