Kochi la Mwalimu Mkuu

Kaeni vizuri. Mchungaji amenipa dakika kumi, mimi nitatumia saba. Hizo tatu nawaachia wazee wa kanisa waongeze kwenye matangazo yao, ambayo wote tunajua hayana mwisho. Na wewe baba wa benchi la nyuma, usifumbe macho ukasingizia unasali. Nakuona. Najua pia kuna wanaonong'ona, huyu aliyeishia darasa la sita atatufundisha nini? Basi kwa kuwa mimi na shule tuliachana mapema, leo nawaletea mfano wa shule.

Palikuwa na shule ya msingi huko milimani, juu ya barabara. Ikapanga sherehe, ikaiita Siku ya Wote. Waje wazazi, wa dini hii na ile, wenyeji na wale wafugaji waliohamia juzi, kila mtu na chakula cha kwao. Na kusiwe kula tu: kila mwanafunzi achimbe shimo apande mti kwenye ule mteremko unaomwaga udongo barabarani kila masika. Jambo jema, au siyo?

Shuleni hapo alikuwepo binti wa darasa la tano, anayetembea kwa magongo mawili. Alihamia akiwa darasa la tatu. Kila mtoto pale alikuwa na zamu: huyu anafagia, yule anateka maji, mwingine anamwagilia bustani. Jina la binti halikuwahi kuandikwa kwenye zamu yoyote. Wala si kwa chuki, jamani. Walimhurumia, tena walimhurumia kweli.

Hata kiranja wa darasa lao, msichana mwenye mdomo kama pilipili kichaa, alimwonea huruma. Wenzake aliwachamba bila kupumzika. "We, umefagia au umepapasa?" "Hicho ni kidimbwi, nani kakwambia umwagilie hivyo?" Lakini akifika kwa binti wa magongo sauti inalainika, "Pole dada, wewe kaa tu." Na binti anakaa. Wenzake wakirudi na matope miguuni, wanatukanana na kucheka, yeye miguu yake ni safi. Umewahi kuona aibu kwa sababu ya usafi?

Siku ikafika. Mwalimu mkuu akatoa kochi nyumbani kwake. Nikisema kochi mnanielewa? Lile la sebuleni, lenye vitambaa vya kufuma, ambalo watoto wake mwenyewe hawaruhusiwi kulikalia kabla ya kuoga. Wanaume wanne wakalibeba hadi chini ya turubai. Binti akakalishwa, akapewa soda yenye mrija, akavishwa utepe kifuani: MGENI WETU WA HESHIMA. Kutoka pale aliwaona wenzake wote mteremkoni, majembe yanapanda na kushuka.

Diwani akapita kumsalimia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona kiganja chako kigumu hivi?"

"Nalima na mama."

Diwani akacheka, akadhani ni utani, akaendelea kupeana mikono na wakubwa wenzake.

Mwalimu mkuu akashika kipaza sauti. "Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Binti huyu ni baraka yetu. Mwanangu, leo ni siku yako. Omba chochote, diwani yupo hapa anasikia."

Walimu wakaanza kumnong'oneza, "Sema baiskeli! Ile ya magurudumu matatu!" Na ingepatikana, maana diwani ameshaweka mkono mfukoni na mpiga picha ameshapiga goti.

Binti akasema, "Naomba jembe."

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu mkuu akainama, "Jembe, mwanangu? La nini tena?"

"Mwalimu, methali uliyosema ina mwenzake, wewe ndiye uliyetufundisha. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hapa ni mwaka wa tatu."

Mwalimu mkuu akashusha kipaza sauti.

Ndipo mama yake akasimama katikati ya wazazi. Akaingiza mkono kwenye kikapu, chini ya ndizi, akatoa kijembe kilichokatwa mpini ukabaki mfupi. "Hiki ndicho chake," akasema. "Nyumbani hulima amekaa. Nilikuja nacho, nilipoliona kochi nikaona haya kukitoa."

Binti akavua utepe. Akashuka mteremkoni kwa magongo, akayalaza pembeni, akaketi kwenye udongo na soksi zake nyeupe, akaanza kuchimba. Kiranja akamfuata. Akasimama kichwani pake, akatazama shimo, akashindwa kujizuia.

"We! Shimo gani hilo limepinda kama mguu wa mbuzi? Fukia, anza upya!"

Mwalimu mkuu akaruka kumkemea. Lakini binti alikuwa anacheka hadi machozi. Miaka mitatu alisubiri mtu wa kumgombeza.

Sasa tuje kwetu sisi. Mlidhani nitasema shule ile ilikuwa na roho mbaya? Hapana. Kochi lilitolewa kwa moyo mweupe, na hapo ndipo penye hatari. Mtu akikufukuza, unajua umefukuzwa. Akikukalisha kwenye kochi, unasema asante.

Sisi humu tuna makochi mangapi? Yule dada aliyehamia kutoka ng'ambo ya ziwa, kila Jumapili tunasema wageni wasimame, na yeye anasimama. Huu ni mwezi wake wa nane hapa! Hata mimi, mara moja kwa mwaka mnaniita Jumapili ya Vijana, mnanipigia makofi, kijana anaongea huyu! Jumatatu kamati inakaa bila mimi. Makofi yenu matamu, lakini nayo ni kochi.

Na Mzee Nsajigwa pale mbele, kwenye benchi lenye mto. Shikamoo, mzee wangu, uniwie radhi kukutaja. Tangu macho yake yapotee, kila Jumapili tunamwombea. Nauliza, na anayeweza anyooshe mkono: nani kati yetu amewahi kumwomba Mzee Nsajigwa atuombee sisi?

Nasubiri.

Mzee, mikono huioni, ngoja nikuambie: hakuna hata mmoja. Wangu pia uko chini.

Pale mlangoni pamebandikwa karatasi ya zamu ya kuongoza maombi. Nimeisoma yote. Ndiyo, kusoma najua, msishangae. Jina lako, mzee, halipo, na kalamu ninayo hapa.

Mzee wangu, tukuandike siku gani?