Kisima Kilichochimbwa Mwezi wa Funga

Hapo zamani, enzi ambazo visima vya zamani vya mji wa Kirumbani vilikwisha kukauka, watu wakinywa maji ya mvua tu, mvua zilikata. Mabirika yakakauka, vidimbwi vikakauka, na mwezi wa Ramadhani ukaandama juu ya watu wenye kiu. Wakafunga hivyo hivyo. Jioni mtu alifuturu kwa kata ya maji ya matope, akamshukuru Mola wake, akajinyoosha kitandani.

Katika mji huo alikaa mwanamke aitwaye Mwanaheri, msokotaji wa kamba za usumba wa nazi. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho, karibu na makaburi, na haikuwa na wageni. Hakuna aliyekwenda kwake kuomba moto wala kuazima ungo. Sababu ilikuwa neno la mtu mmoja. Mahazi, mchimba visima, alimposa Mwanaheri, naye akamkataa. Mahazi akaona haya, haya ikageuka hasira, akasema barazani: "Yule nimemwona makaburini akifukua. Ni mwanga, mchawi." Posa nyingine iliyokuwa njiani ikarudi ilikotoka. Mama yake Mwanaheri akafa na huzuni hiyo. Tangu hapo Mwanaheri aliweka maneno moyoni, akayanoa mwaka baada ya mwaka, akingojea siku atakapokutana na Mahazi mahali pasipo watu amwambie yote.

Ramadhani ile ya kiu, Mahazi alijitolea kuchimba kisima. Kila siku baada ya sala ya alfajiri alishuka shimoni na sururu yake. Mama yake, Bi Mashavu, alimlazimisha kushuka na kibuyu cha maji.

"Mama, nimefunga."

"Najua umefunga. Huko chini kuna mambo. Ukizidiwa, unywe. Mungu hakukulazimisha kufa."

Asubuhi moja ukuta wa kisima ukaporomoka. Watu wakakimbilia, wakakuta mawe na udongo vimekwama katikati ya shimo kama kizibo. Walidhani wanakwenda kumzika aliyekwisha kuzikwa. Kisha wakasikia sauti ndogo kutoka chini: "La ilaha illa Llah." Mahazi alikuwa hai.

Katika Kirumbani mtu mmoja tu ndiye aliyejua mawe. Huyo alikuwa Mwinyihaji, mchonga mawe, tena muadhini wa msikiti. Tangu utoto wake hakuwahi kula hata siku moja ya Ramadhani, si kwa homa wala kwa safari. Watu waliiapia saumu yake, naye, tuseme kweli, alipenda kusikia wakiiapia. Mwinyihaji akafungwa kamba fupi, akateremshwa, akaanza kuchomoa jiwe moja moja.

Jua likapanda. Mikono ikaanza kumtetemeka. Jiwe likamponyoka, kizibo chote kikatikisika, na chini Mahazi akapiga kelele. Wakampandisha Mwinyihaji haraka.

"Nipeni maji," akasema.

Watu wakatazamana.

"Maji, na chochote cha kula. Mkono huu ukitetemeka tena, nitamuua."

Wakamletea. Hakujificha nyuma ya ukuta, wala hakugeuza uso. Alikunywa adhuhuri mbele ya watu aliokuwa akiwaita kwenye sala, machozi yakimtiririka ndevuni. Akala kipande cha muhogo, akashuka tena.

Ilipofika alasiri alikuwa ametoboa tundu, jembamba kama mdomo wa mtungi mkubwa. Zaidi ya hapo mawe yangeanguka. Sasa palihitajika kamba ndefu isiyokatika, na mtu mwembamba wa kupenya akamfunge Mahazi, ambaye nguvu zilikwisha. Kila mtu alijua kamba hiyo iko kwa nani, na nani mwembamba kuliko wote pale mjini. Hakuna aliyethubutu kwenda. Akaenda Bi Mashavu.

Akabisha hodi. Mwanaheri alisikia. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Hakufungua. Bi Mashavu akabisha tena.

"Mwanangu Mwanaheri, najua umo ndani. Sikuja kumtetea mwanangu. Alilokutenda nalijua, na mimi mama yake nililijua siku ile ile, nikanyamaza. Nimekuja kuomba kamba."

Kisha mlango ukafunguliwa, na Mwanaheri akatoka na kamba begani. Hakumtazama yule mama. Alitembea mbele yake mpaka kisimani, akajifunga mwenyewe kiunoni, akasema, "Niteremsheni."

Akapita tundu, mawe yakimparuza mabega. Mwanga ukabaki juu. Chini kulikuwa na giza na pumzi ya mtu.

"Nani?" Mahazi akauliza.

"Mwanaheri."

Mwanaheri akapapasa kutafuta mwili wake, na mkono wake ukagusa kibuyu. Kilikuwa kizito, kimejaa mpaka shingoni.

"Mbona hukunywa?"

"Jua limekuchwa?"

"Bado."

"Basi."

"Humu ndani, Mahazi, nani angekuona?"

"Nilipokusingizia pia nilisema hivyo: nani ataona? Leo, tangu asubuhi, nimekaa humu na Aliyeona. Hapakuwa na mwingine. Kila nilipotaka kunyoosha mkono, niliona haya."

Mwanaheri ikamjia kwamba mle shimoni hawakuwa wawili, akainamisha kichwa gizani kama mtu aliyeingia nyumba ya mtukufu bila kubisha. Hapo ndipo mahali pasipo watu alipopangojea. Maneno yake yalikuwapo yote, hata moja halikupotea. Aliyasikia yakipanda mpaka kwenye ulimi.

"Nitukane," Mahazi akasema. "Ni haki yako."

"Nimefunga," Mwanaheri akajibu, akapiga magoti kumfunga kamba.

Magoti yakaingia ubaridi. Akashika chini: maji. Yalikuwa yakitoka kwenye ufa wa jiwe, taratibu kwanza, kisha kwa nguvu. Mahazi akavutwa juu kwanza, mikono imenyooshwa juu ya kichwa, tundu likimchuna ngozi. Mwanaheri akabaki amesimama gizani, maji yakimpanda kiunoni, matamu na baridi, yakimgusa midomo kila yaliporuka. Hakuyalamba. Kamba ikarudi, naye akapanda.

Jua lilikuwa linazama. Mwinyihaji akaadhini palepale, na mji mzima ukafuturu kwa maji ya kisima kile. Mahazi alikataa kunywa kabla ya kusema. Akasimama akitweta: "Watu wa Kirumbani, Mwanaheri sikumwona makaburini. Nilisema uongo." Bi Mashavu akajifunika uso kwa kanga.

Ilikuwa desturi yao kukipa kisima jina la mtu ambaye kwa ajili yake Mungu aliwajalia maji. Wakaanza kubishana.

"Kiitwe cha Mahazi," akasema Mwinyihaji. "Mimi nilikunywa mbele ya watu. Yeye hakunywa mahali pasipo mtu."

Maalimu wa mji akatikisa kichwa. "Mwenye kuchelea kufa ameruhusiwa kunywa. Angekufa na kibuyu kimejaa, tungesemaje?"

"Tena mimi," akasema Mahazi, "nimefunga Ramadhani nyingi huku nikila nyama ya dada huyu kwa kumsingizia. Kiitwe cha Mwinyihaji. Saumu yake aliipenda kuliko kitu chochote, akaitoa ili mimi niishi."

"Aliitoa baada ya kuringia miaka yote," mtu mmoja akanong'ona, na Mwinyihaji akasikia, asikanushe.

Bi Mashavu akasema, "Aliyeshuka ni Mwanaheri. Alikuwa na kiu kama ninyi, na alikuwa na hasira ambayo hana hata mmoja wenu. Vyote viwili alivifunga."

Watu wakamgeukia Mwanaheri. Alikuwa ameketi pembeni, nguo zinamchuruzika maji.

"Hodi yako ya kwanza niliisikia, mama," akasema. "Nilisimama nyuma ya mlango nikitamani afe. Na hata sasa sijasema nimemsamehe. Msinitaje mimi."

Kisimani maji yalikuwa yakiendelea kupanda gizani, yakisikika. Jina halikutolewa. Watu wa Kirumbani wakateka, wakanywa, wakaenda kusali.

Jina hilo wamewaachieni ninyi mnaonisikiliza. Mmoja aliishika saumu yake pasipo mtu, mmoja aliivunja mbele ya watu wote, mmoja aliufunga ulimi wake huku moyo ukiwaka bado. Je, ni yupi aliyefunga? Kisima kile kiitwe cha nani?