Nungunungu na Kibanda cha Muda

— Paukwa!
— Pakawa!
— Kiwanja?
— Kijengwe!
— Na mwenye nyumba?
— Yumo kibandani!

Hapo zamani za kale, Nungunungu alipata kiwanja, akaamua kujenga nyumba ya vyumba viwili. Pembeni akasimamisha kibanda cha matawi, akahamia humo na mkewe ili wawe karibu na kazi. Kibanda kilikuwa na chumba kimoja. Kilikuwa cha miezi mitatu tu.

Vyumba viwili vilikuwa na sababu. Mkewe alikuwa na mimba ya kwanza, tena aliogopa sana. Alitaka mama yake aje amzalishe, akae naye mpaka arobaini iishe. Nanyi mnajua, mama mkwe hakai wala halali chumba kimoja na mume wa binti yake. Kwa manungunungu ni mwiko, na kwetu pia.

Fundi Ngedere akajenga kuta, zikasimama. Akamwambia Nungunungu akusanye vifaa vilivyobaki, yeye atarudi kumalizia.

Mwezi wa kwanza ukavuma upepo. Nungunungu akauchukua mlango wa nyumba, akautia kibandani.

Mkewe akasema, "Mume wangu, huo ni mlango wa nyumba."

Nungunungu akajibu, "Nimeazima tu. Nyumba haikimbii."

Mwezi wa pili ikaja baridi. Akauchukua udongo wa kukandikia nyumba, akakandika kibanda.

Mkewe akasema, "Mume wangu, huo ni udongo wa nyumba."

"Nimeazima tu. Nyumba haikimbii."

Mwezi wa tatu yakaanza manyunyu. Akayachukua makuti ya nyumba, akaezeka kibanda, tena akayapanga maradufu.

Mkewe akasema, "Mume wangu, mama atalala wapi?"

"Nimeazima tu. Nyumba haikimbii."

Na kweli haikukimbia. Ilibaki palepale, haina mlango, haina paa. Fundi Ngedere aliporudi kuezeka hakukuta hata kuti moja. Akatazama nyumba, akatazama kibanda, akabeba panga lake akaenda zake. Nungunungu hakujali, maana siku hizo alikuwa anakoroma vizuri. Msicheke nyie wa huko nyuma, wengine nawajua.

Asubuhi moja mkewe akashikwa na uchungu. Saa hiyohiyo mama mkwe akafika na furushi lake kichwani, masika yakimwagika. Akachungulia kibandani. Chumba kimoja, na mkwe wake yumo. Akageuka, akaenda kuketi ndani ya nyumba isiyo na paa, mvua ikimpiga.

Mkewe akalia, "Mume wangu, namtaka mama."

Nungunungu akainuka. Akatoka, akapishana na mkwewe uani, kila mmoja akitazama chini. Mama akaingia kibandani, akafunga mlango. Nungunungu akaenda kukaa kwenye nyumba yake mwenyewe.

Mtoto alizaliwa adhuhuri. Baba yake alisikia kilio kwa mbali, maji yakimchuruzika kwenye miiba, na alitamani mno kumwona. Kibanda hakikuvuja hata tone. Mama mkwe alikisifu sana kibanda kile.

Kesho yake Nungunungu akamkimbilia Fundi Ngedere, akamsihi aje kuezeka nyumba.

Ngedere akamuuliza, "Makuti yako wapi? Masika haya mengine hayapatikani."

Yalikuwa juu ya kichwa cha mama mkwe. Nani angethubutu kuyavua?

Basi akalowa arobaini nzima. Siku mtoto alipotolewa nje, alimwona baba yake kwa mara ya kwanza, amekonda, ametota, anatetemeka. Mtoto akaangua kilio, akatulia tu mikononi mwa bibi yake. Hilo lilimuuma Nungunungu kuliko mvua yote.

Wasikilizaji wangu, funzo ni hili: cha muda kiache kiwe cha muda. Ukikipamba kwa vitu vya kile unachokingojea, utaendelea kungoja.

Hadithi yangu nimeiezeka hapa. Anayeona inavuja, na alete kuti lake.