Yai Lililochelewa Kuitwa

Paukwa.

Pakawa.

Sogeeni basi, wadogo kwa wakubwa. Hapo zamani za kale, siku ya Alhamisi, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, yai la mwisho la kuku Madoa lilikataa kupasuka.

Madoa alikuwa anaatamia kwa mara ya kwanza. Alikuwa amesoma kwa mwalimu Kasuku. Alijua kugeuza mayai. Alijua joto linalotosha. Yote aliyafanya, na vifaranga wakatoka, pyu, pyu, pyu. Likabaki moja. Kimya.

Madoa akakariri somo: "Yai likinyamaza wenzake wakishatoka, limekufa. Lisukume nje."

Akalisukuma hadi ukingoni mwa kapu. Akasita. Akalirudisha. Akalisukuma tena.

Shangazi yake, Kishungi, akachungulia. "We mtoto, unacheza na yai?"

"Limekufa, shangazi. Somo linasema hivyo."

"Umeliita?"

"Kuita hakukuwamo kwenye somo."

"Marehemu mama yako alikuita wewe kutwa nzima. Nikamwambia, achana nalo hilo, viza. Kumbe viza ndiye wewe, msomi." Akacheka, kisha akashusha sauti. "Mimi sikujua kugeuza mayai. Yangu yaliharibika kila mwaka. Kwa hilo umenishinda. Lakini liite."

Madoa akakumbuka giza. Giza lenye joto, na sauti ikishuka kutoka juu: kwo, kwo, kwo. Tangu mwewe amchukue mama yake, hakuisikia tena.

Akainama. Kwo, kwo, kwo.

Kimya.

Jua likapanda. Kwo, kwo, kwo. Kimya. Koo likamkauka. Jua likashuka. Kwo, kwo, kwo.

Tik.

"Shangazi, umesikia?"

"Usinitazame mimi. Endelea."

Kwo, kwo. Tik, tik. Kwo, kwo. Tik, tik, tik. Pyu.

Basi, wenzangu, kusoma ni kuzuri. Bila somo hata wale wa kwanza wasingetoka. Lakini yako mambo tunayoyajua kwa sababu tuliyapitia, hata kama hakuna aliyetufundisha. Msitupe kitu kwa kuwa tu hamkukisoma.

Kesho yake asubuhi Madoa aliwashusha vifaranga wote hadi jaani. Akaparua, paru, paru. Akapata mchwa mmoja mnene, akamwangushia yule mdogo miguuni.

Nami ngano yangu naiacha hapo hapo jaani.