Senene Chini ya Kofia

Sogeeni karibu; atakayesinzia asije akaniuliza kesho.

Kijana wa pwani, Mwinyikombo, alivuka mipaka miwili kwenda kujitambulisha ukweni. Mchumba wake, Kokusima, alimwonya: "Kwetu, asiyependa chakula husema."

Mama mkwe akamletea sahani ya senene, wale panzi wa kukaanga. Mwinyikombo akatamani ardhi ipasuke. Mama alipogeuka, akawasukumia chini ya kofia aliyovaa.

"Tamu, mama!"

Mama akafurahi, akaongeza. Kijana akaficha tena.

"Tamu mno, mama!"

Akaongezewa mara ya tatu, akaficha.

"Tamu kuliko halua, mama!"

Papo hapo kofia ikatikisika, na senene wakaimba humo ndani:

*Mama katukamata alfajiri,*
*katutoa mbawa mmoja mmoja,*
*mgeni katuzika kichwani!*

Kofia ikaruka. Senene wakamwagika mkekani, mbele ya wajomba, mbele ya mashangazi, mbele ya Kokusima, aliyeinamisha uso. Mafuta yakamtiririka Mwinyikombo hadi shingoni.

Mama mkwe hakugomba. Aliwaokota senene mmoja mmoja, akawarudisha sahanini. "Ungesema tu, mwanangu. Ningekupikia ndizi."

Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi. Akachukua senene mmoja, akatafuna.

Lo! Alikuwa mtamu kweli. Mwinyikombo akafungua kinywa aseme, lakini neno hilo alikwisha kulisema mara tatu. Nani angemwamini?

Ngano yangu imeishia sahanini. Mwenye njaa na aseme.