Kwa Nini Tunauliza "Nani Hayupo?" Kabla ya Mieleka

Haya, sogeeni. Na wewe unayenong'ona huko nyuma, nyamaza, maana mimi sisimulii mara mbili. Zamani ngoma ya mieleka ilikuwa ikilia tu, vijana wanarukia uwanjani, nasi tunapiga vigelegele mpaka sauti zinakauka. Hakuna aliyeulizwa kitu.

Wakati huo alitawala mtemi aitwaye Ndalahwa. Mwaka mmoja wa kiangazi kikali alikizungushia kisima chetu ua wa miiba, kikawa cha ng'ombe wake peke yao. Wanawake wakawa wanafukua mchanga mtoni kutafuta maji ya kunywa. Basi mtu mmoja aitwaye Shija, fundi wa mieleka, akamwendea mtemi na kumwambia ana kwa ana kwamba kisima ni cha watu wote. Hakurudi nyumbani. Mkewe, Limi, aliuliza mlango kwa mlango, na watu wakawa wanatazama chini.

Watu wakamchukia mtemi. Akipita, wanaingia ndani. Sasa, Ndalahwa hakuwa mjinga, hata kidogo! Angeweza kufungua kisima, angeweza kumrudisha Shija, lakini aliona njia nyepesi zaidi. Akatangaza mieleka ya siku tatu, nyama na pombe ya mtama kwa wote, na fahali mweusi kwa mshindi. Aliijua desturi yetu kwamba mla cha mtu hamsemi. Ukishakula kwake na kushangilia kwake, mdomo wa kumlaumu utautoa wapi?

Na watu wakaenda, wajukuu zangu. Msiwacheke. Walikuwa na njaa, na waliipenda mieleka kama mnavyoipenda ninyi. Siku ya kwanza waliingia kwa aibu. Siku ya pili wakaimba jina la mtemi. Siku ya tatu ukimtaja Shija, mtu anakubonyeza ubavuni, "Usituharibie shughuli." Redioni nasikia siku hizi wamelipa jina jambo hili, eti kujisafisha kwa michezo. Sisi tulilijua kabla ya redio.

Aliyemwuma Limi kuliko wote ni Masele, mdogo wake Shija. Alilelewa nyumbani kwa Limi, na Shija ndiye aliyemfundisha kushika, kupindua na kuanguka bila kuumia. Asubuhi ya siku ya tatu Limi alimkuta akijipaka mafuta.

"Shemeji, hata wewe?"

"Nikishinda, labda mtemi atanisikiliza," Masele akajibu bila kumtazama.

Limi hakumgombeza. Alimpaka mafuta mgongoni, pale mikono yake isipofika, kazi ambayo siku zote aliifanya Shija. Kisha akamfuata uwanjani. Hakula, hakunywa. Moyo ulimuuma, na bado alimwombea asiumie.

Masele alishinda. Alimwangusha bingwa wa mtemi mwenyewe, chali! Lakini kwetu mshindi hapewi zawadi mpaka aliyemfundisha aje ammwagie maji kichwani kwa kibuyu. Bila hayo hajashinda. Watu wakaanza kuimba kama kawaida, "Fundi na aje! Fundi na aje!" Wakarudia, wakarudia tena. Halafu sauti zikaanza kupungua, maana kila mmoja alikumbuka fundi ni nani.

Mtemi akasimama, uso wote tabasamu. "Nitammwagia mimi. Leo mimi ndiye baba yake." Akaletewa kibuyu cha maji ya kisima kile kile.

Masele alikuwa amepiga magoti. Jamani, kijana yule alimtaka fahali, aliutaka ushindi, nani asingeutaka? Akakifunika kichwa chake kwa mikono miwili.

"Unisamehe, mtemi. Maji haya yana mwenyewe. Nani hayupo hapa?"

"Shija," akajibu Limi, peke yake, kwa sauti ndogo.

Mama mmoja aliyekuwa na sahani ya nyama mapajani akaiweka chini. "Shija hayupo," akasema. Na mwingine, na mwingine, mpaka uwanja mzima. Ngoma zikanyamaza. Hakuna aliyeondoka, na hakuna aliyeshangilia. Mtemi alibaki na kibuyu mkononi, hajui akiweke wapi. Mwishowe walinzi wake wenyewe, ambao nao mama zao walikuwa pale, walikwenda kwenye zizi la ndama wa mtemi, alikofungiwa muda wote huo, wakamfungua Shija.

Alitoka amekonda, macho yakiumizwa na jua. Mikono ilimtetemeka hata kibuyu hakikushikika. Limi akaja akaishika mikono ile kwa chini, wakamwaga pamoja, maji mengi yakienda mabegani kuliko kichwani, na Masele akilia waziwazi mbele ya watu wote. Jioni ile ile wakaung'oa ua wa miiba.

Na tangu siku hiyo, yeyote anayetuletea mchezo, awe mkubwa wa serikali au tajiri wa mjini, ngoma hunyamaza kwanza, na mwenye uwanja huuliza, "Nani hayupo?" Akitajwa mtu, hatuchezi mpaka mwenye shughuli aseme mtu huyo yuko wapi. Wageni hunung'unika kwamba tunawachelewesha. Na wachelewe! Limi aliuliza miezi mitatu, peke yake, mlango kwa mlango. Sisi kuuliza mara moja, tena tukiwa wengi hivi, kutatushinda?