Honi ya Bwana Fisi

— Wasikilizaji, nipeni masikio.
— Tumekupa. Uyarudishe mazima.

Palikuwa na kiwanda cha sukari, mwenyewe Bwana Fisi. Mtunza tanuri alikuwa Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu; wala si panya, kama wengi wasemavyo.

Siku moja mnyororo wa kupandishia miwa ulianza kukatika. Sange akabonyeza honi ya hatari: pii. Mashine zikasema ngurundu, ngurundu. Akabonyeza tena: pii. Ngurundu, ngurundu. Paa, aliyesimama chini ya mnyororo, hakusikia. Wakamzika Jumanne.

Sange akaenda ofisini. “Bwana, tununulie honi kubwa.”

“Iliyopo inatosha. Niliipima mwenyewe Jumapili, nimekaa barazani. Niliisikia wazi.”

“Jumapili mashine zimelala, Bwana. Paa hakufa Jumapili.”

“Paa alikuwa mzembe.”

Sange akainama. “Kweli, masikio yetu mabovu. Basi kesho honi iite chakula. Ikilia mara tatu, asiyefika jikoni amekosa nyama. Sisi viziwi tutakosa, yote itakuwa yako. Wewe simama pale pa Paa. Ni hatua kumi tu, jiko li nyuma yako.”

Fisi akameza mate, akagonga muhuri.

Kesho yake akasimama pale pa Paa, akafumba macho ili asikie vizuri. Sange akabonyeza: pii. Ngurundu, ngurundu. Pii. Ngurundu, ngurundu. Pii. Wafanyakazi wenzake, Nyegere, Nguchiro na Kicheche, hawakusikia pia, ila walikuwa wakiutazama mkia wa Sange, ulioinuka kila alipobonyeza. Ulipoinuka mara ya tatu, wakapita nyuma ya Fisi, nyata nyata, mpaka jikoni.

Fisi alipofumbua macho, ilibaki mifupa.

“Honi haijapigwa,” akasema.

“Imepigwa mara tatu, Bwana.”

“Mbona sikusikia?”

“Labda ni uzembe.”

Alasiri ile ile lori likarudi kutoka mjini na honi kubwa kama pipa. Fisi akaamuru ipimwe mashine zikiwa zinanguruma. Buuuuu! Ikasikika hata ng'ambo ya mto, alikokuwa akilima mjane wa Paa.

Jioni Sange akaenda kumjulia hali.

“Shemeji, ndiyo honi ile?” mjane akauliza.

“Ndiyo, shemeji.”

“Imetengenezwa lini?”

“Ilikuwa dukani tangu mwaka juzi.”

“Wameinunua kwa ajili ya mume wangu?”

“Hapana, shemeji. Kwa ajili ya nyama.”

Mjane akashika jembe, akaendelea kulima.

— Nilichopewa nimekisema. Masikio yenu haya hapa.
— Tumeyapokea. Na funzo?

Funzo ni hili: msifanye hila kama Sange. Mkiwa na shida kazini, andikeni barua kwa adabu, kisha msubiri jibu. Marehemu Paa aliandika tatu.